Upasuaji wa Kope kwa Ajili ya Urembo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuamua

Na Mwandishi Wetu

Upasuaji wa kope kwa ajili ya urembo ni miongoni mwa huduma za kitabibu zinazotafutwa zaidi duniani. Kwa mujibu wa takwimu za mwaka 2024 za Jumuiya ya Kimataifa ya Wapasuaji wa Urembo (ISAPS), upasuaji huo ulifanyika zaidi ya mara milioni 2 ndani ya mwaka mmoja na kushika nafasi ya kwanza miongoni mwa aina zote za upasuaji wa urembo. Kupitia simu za mkononi, picha za “kabla” na “baada” huwafikia pia wananchi wa Tanzania, zikiambatana na ahadi ya macho maangavu na sura ya ujana.

Makala haya hayalengi kumshawishi mtu kufanyiwa upasuaji huo wala kumzuia. Uamuzi ni wa mtu mzima mwenyewe baada ya kupata taarifa sahihi. Lakini lipo jambo moja ambalo kila anayefikiria huduma hii anapaswa kulijua mapema: kope iliyolegea au kuvimba inaweza kuwa suala la sura tu, na pia inaweza kuwa dalili ya ugonjwa. Tofauti hiyo haionekani kwa kujitazama kwenye kioo, wala haionekani kwenye picha aliyotumiwa mtoa huduma kwa simu. Huonekana kwa uchunguzi wa daktari wa macho. Kwa hiyo safari ya urembo wa kope inapaswa kuanzia katika kliniki ya macho.

Kope na kazi yake

Katika makala haya, neno kope lina maana ya ngozi inayofunika jicho, ya juu na ya chini, na nywele zilizo ukingoni mwake zitaitwa nywele za kope. Ngozi hiyo ni nyembamba kuliko ngozi ya sehemu nyingine yoyote ya mwili, na unene wake haufiki milimita moja. Chini yake kuna msuli wa mviringo unaofumba jicho, utando mwembamba, vifuko vidogo vya mafuta, na katika kope ya juu, msuli mwingine unaoinua kope ili jicho lifumbuke.

Kope hufumba na kufumbua zaidi ya mara 10,000 kwa siku. Kila inapofumba, husambaza machozi juu ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, huondoa vumbi na kulinda jicho lisikauke. Usiku hulifunika jicho muda wote wa usingizi. Hivyo, mpasuaji anayeondoa ngozi ya kope anagusa mlinzi wa jicho. Akiondoa ngozi kupita kiasi, jicho hubaki wazi hata mtu anapolala, konea hukauka, hupata vidonda, na uoni huwa hatarini.

Kadiri umri unavyosonga, ngozi ya kope hupoteza uwezo wake wa kujivuta, utando wa ndani hulegea na mafuta yaliyo nyuma yake husogea mbele. Kope ya juu huanza kuning’inia na ile ya chini hutengeneza mifuko. Mabadiliko hayo ni ya kawaida, na kwa baadhi ya watu huanza mapema kutokana na urithi wa familia.

Upasuaji wenyewe ni upi

Kitaalamu upasuaji huu huitwa blefaroplasti. Neno hilo lilianza kutumiwa mwaka 1818 na daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Karl Ferdinand von Gräfe, alipokuwa akieleza namna ya kukarabati kope zilizoharibiwa na saratani. Nchini Japani, mwaka 1896 daktari Mikamo alichapisha maelezo ya namna ya kutengeneza mkunjo katika kope ya juu isiyokuwa nao, na upasuaji wa aina hiyo umeenea sana Asia ya Mashariki, hususan Korea Kusini. Historia hiyo inaonesha kwamba elimu ya kupasua kope ilianza kama tiba, na hadi leo mpaka kati ya tiba na urembo ni mwembamba.

Katika kope ya juu, daktari hupima na kuchora kiasi cha ngozi kitakachoondolewa wakati mgonjwa akiwa ameketi, kisha hukata kwa kufuata mkunjo wa asili ili kovu lijifiche. Huondoa ngozi iliyozidi na, inapobidi, kiasi kidogo cha msuli au mafuta. Katika kope ya chini, mkato hupitishwa chini kidogo ya nywele za kope, au ndani ya kope yenyewe ili pasiwe na kovu linaloonekana nje. Siku hizi wapasuaji wengi huhamisha mafuta ya kope ya chini badala ya kuyaondoa yote, kwa kuwa kuyaondoa kupita kiasi huliacha jicho likiwa limezama na kumfanya mtu aonekane mzee zaidi.

Upasuaji wa kope za juu pekee mara nyingi huchukua takribani saa moja na hufanyika kwa sindano ya ganzi, pamoja na dawa ya kumtuliza mgonjwa. Upasuaji wa kope zote nne huchukua muda mrefu zaidi na wakati mwingine huhitaji nusukaputi. Katika hali zote mbili, unapaswa kufanyika katika chumba cha upasuaji chenye vifaa vilivyotakaswa na mtaalamu anayefuatilia shinikizo la damu, mapigo ya moyo na upumuaji wa mgonjwa.

Ni vyema pia kufahamu mambo ambayo upasuaji huu hauwezi kuyafanya. Hauondoi weusi wa ngozi chini ya macho, hauondoi mikunjo yote ya pembeni mwa jicho, wala hauinui nyusi zilizoshuka. Mtu ambaye kope zake zinaonekana nzito kwa sababu nyusi zimeshuka anaweza kufanyiwa upasuaji wa kope na asione badiliko alilolitarajia.

Sura au ugonjwa?

Hali zinazofanya kope ionekane imechoka ni nyingi, na tiba zake zinatofautiana. Ya kwanza ni ngozi iliyozidi kutokana na umri, ambayo ndiyo inayolengwa na blefaroplasti. Ya pili ni udhaifu wa msuli unaoinua kope. Hapa ngozi inaweza kuwa ya kawaida, lakini ukingo wa kope umeshuka na kufunika sehemu ya mboni. Kuondoa ngozi kwa mgonjwa wa aina hii hakuondoi tatizo. Anahitaji upasuaji tofauti unaourekebisha msuli wenyewe.

Kushuka kwa kope kunaweza pia kutokana na magonjwa ya mishipa ya fahamu na misuli. Kope inayoshuka zaidi jioni na kupata nafuu baada ya mapumziko, hasa ikiambatana na kuona vitu viwili viwili, inaweza kuwa dalili ya ugonjwa unaodhoofisha misuli ya mwili mzima. Kope inayoshuka ghafla, ikiambatana na maumivu makali ya kichwa, kuona vitu viwili au mboni za macho kutofautiana ukubwa, ni dharura inayoweza kuhusiana na mshipa wa damu kwenye ubongo. Mtu mwenye dalili hizo anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo.

Kope zilizovimba nazo zina sababu zake. Uvimbe wa asubuhi unaoambatana na kuvimba miguu unaweza kutokana na ugonjwa wa figo. Magonjwa ya tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, huweza kuvimbisha kope, kuzirudisha nyuma au kulitokeza jicho nje. Mzio wa vumbi, vipodozi au gundi ya kope za bandia husababisha kuwashwa na kuvimba. Mabaka ya manjano karibu na pua wakati mwingine huashiria kiwango kikubwa cha lehemu katika damu. Aidha, kijipu cha kope kisichopona, kinachorudi mahali pale pale au kinachong’oa nywele za kope kinapaswa kuchunguzwa, kwa sababu baadhi ya saratani za kope huanza kwa sura hiyo.

Kwa watoto suala hili lina uzito wa pekee. Mtoto aliyezaliwa na kope iliyoshuka hadi kufunika mboni anaweza kupoteza uwezo wa jicho hilo kwa kuwa ubongo haujifunzi kulitumia. Mzazi asisubiri mtoto akue kwa kudhani kuwa ni suala la sura. Ampeleke mapema kwa daktari wa macho.

Kinyume chake, wapo watu wanaodhani wanatafuta urembo kumbe wana haki ya tiba. Ngozi ya kope ya juu ikining’inia hadi kuziba sehemu ya juu au ya pembeni ya uoni, mtu huinua kidevu au nyusi kila wakati ili aone, huumwa kichwa, na hupata taabu anapoendesha gari au kupanda ngazi. Daktari hulithibitisha hilo kwa kipimo cha upana wa uoni. Matokeo ya kipimo hicho yanapaswa kuandikwa katika jalada la mgonjwa, kwa kuwa ndiyo yanayotenganisha upasuaji wa tiba na upasuaji wa urembo, hata katika mazungumzo na mfuko wa bima.

Tofauti na upasuaji wa vikope

Katika vijiji vingi vya Tanzania, wananchi wanaposikia upasuaji wa kope hufikiria ugonjwa wa trakoma, unaojulikana pia kama vikope. Ugonjwa huo huenezwa na bakteria. Mtu anayeambukizwa mara nyingi tangu utotoni hupata makovu upande wa ndani wa kope, kope hujikunja, na nywele zake hukwaruza konea hadi kusababisha upofu. Wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma ni miongoni mwa maeneo ambayo ugonjwa huu umefanyiwa utafiti kwa miongo kadhaa.

Upasuaji wa vikope hurekebisha mwelekeo wa kope ili nywele zisiguse jicho. Ni tiba ya kuzuia upofu, na ni sehemu ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unaojumuisha pia dawa, usafi wa uso na uboreshaji wa mazingira. Hapa nchini, mapambano hayo yamo katika Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele. Mwananchi anayehisi nywele za kope zikimchoma jicho asizing’oe mara kwa mara nyumbani, bali afike kituo cha afya.

Kwa anayefikiria upasuaji wa urembo, historia ya trakoma ni taarifa muhimu ya kumweleza daktari. Kope yenye makovu ndani huwa tayari imejivuta, hivyo kuipunguza ngozi zaidi kunaweza kulifanya jicho lishindwe kufumba.

Wanaopaswa kuwa na tahadhari zaidi

Mtu mwenye macho makavu, yanayowasha au kuhisi kama yana mchanga, anapaswa kupimwa kiasi cha machozi kabla ya kukubaliwa kufanyiwa upasuaji. Wenye shinikizo la juu la damu, kisukari, magonjwa ya moyo, ugonjwa wa thairoidi au tatizo la damu kutoganda wanahitaji hali zao zidhibitiwe kwanza. Mwenye presha ya jicho, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa jicho au anayetumia lenzi za kuvaa machoni aeleze hayo mapema. Mvutaji wa sigara aache wiki kadhaa kabla na baada ya upasuaji, kwa kuwa moshi hupunguza damu inayofika kwenye kidonda na kuchelewesha kupona.

Orodha ya dawa zote ni lazima iwekwe mezani. Aspirini, ibuprofeni, warfarini na dawa nyingine zinazozuia damu kuganda huongeza hatari ya kuvuja damu. Vivyo hivyo baadhi ya virutubisho na dawa za asili, zikiwamo vidonge vya kitunguu saumu. Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa ya moyo au ya kuzuia kiharusi kwa uamuzi wake. Daktari aliyemwandikia dawa hiyo na mpasuaji ndio wanaopaswa kukubaliana.

Watumiaji wa krimu za kujichubua, maarufu kama mkorogo, nao wana jambo la kusema wazi mbele ya daktari. Krimu zenye dawa za jamii ya steroidi hupunguza unene wa ngozi ambayo tayari ni nyembamba na huchelewesha kidonda kupona. Zikitumika kwa muda mrefu karibu na macho, zinaweza kuchangia presha ya jicho na mtoto wa jicho.

Kuna pia tahadhari ya moyo na akili. Mtu anayetarajia kwamba kope mpya zitaokoa ndoa, zitampatia kazi au zitaondoa huzuni, huenda akaamka na sura nyingine na shida ile ile. Wapo pia wanaoteswa na kasoro ambayo watu wengine hawaioni kabisa. Upasuaji hauwatulizi, na mara nyingi hutafuta mwingine. Mtaalamu mwadilifu humshauri mtu wa aina hiyo kuonana kwanza na mtaalamu wa afya ya akili, na kushauriwa hivyo si kudharauliwa.

Siku za kupona

Uvimbe na michubuko ni jambo la kutarajiwa, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja hadi mbili. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7, isipokuwa zile zinazoyeyuka zenyewe. Katika siku za mwanzo mgonjwa hushauriwa kulala akiwa ameinua kichwa, kuweka kitambaa safi chenye ubaridi juu ya kope kwa vipindi vifupi, kutumia dawa za macho kama alivyoelekezwa, na kuepuka kuinama, kubeba vitu vizito na kusugua macho. Wanja, kope za bandia na lenzi za kuvaa husubiri hadi daktari atakaporuhusu. Asiendeshe gari wala bodaboda kabla uoni haujawa safi.

Anayeishi katika eneo lenye vumbi na jua kali avae miwani anapotoka nje. Ngozi yenye weusi mwingi inaweza kubadilika rangi mahali palipokatwa, na jua huongeza hali hiyo. Wengi huhofia makovu makubwa yanayovimba, hasa waliowahi kuyapata kifuani, begani au masikioni. Makovu ya aina hiyo ni nadra kwenye kope, lakini historia hiyo inapaswa kuelezwa kabla ya upasuaji. Sura ya mwisho ya kovu huchukua miezi kadhaa kutulia, hivyo si busara kudai marekebisho baada ya wiki tatu.

Madhara yanayoweza kutokea

Madhara mengi huwa madogo na ya muda: macho kukauka, machozi kutiririka, ukungu wa kuona na kope kutolingana kidogo. Mengine huhitaji tiba zaidi, kama vile maambukizi, kope ya chini kuvutwa chini au kupinduka nje, na jicho kushindwa kufumba kikamilifu.

Hatari kubwa kuliko zote ni damu kuvujia nyuma ya jicho. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni kwamba hutokea kwa takribani mgonjwa 1 kati ya 2,000, na kwamba takribani mgonjwa 1 kati ya 10,000 hupoteza uoni moja kwa moja. Idadi hiyo ni ndogo, lakini kwa anayepatwa hakuna marekebisho. Damu iliyokusanyika hulikandamiza jicho na kuzuia damu kufika kwenye mshipa wa fahamu wa kuona. Ikiondolewa mapema, jicho huokolewa. Ikisubiriwa hadi kesho, mara nyingi nafasi hupotea.

Kwa sababu hiyo, kila aliyefanyiwa upasuaji wa kope, pamoja na ndugu anayemhudumia, wazikumbuke dalili hizi, hasa katika saa 24 za kwanza: maumivu makali yanayoongezeka katika jicho moja, jicho kuwa gumu na kutokeza nje, uvimbe unaokua kwa kasi, na uoni kupungua. Dalili hizo hazisubiri miadi. Mgonjwa arudishwe mara moja kwa mpasuaji au apelekwe hospitali yenye huduma za macho. Tangu siku ya kwanza jicho lisifungwe kwa bandeji kiasi cha kumzuia mgonjwa kupima uoni wake mwenyewe, isipokuwa kwa maelekezo ya daktari.

Kumtambua mtaalamu na kituo

Upasuaji wa kope hufanywa na daktari bingwa wa macho mwenye mafunzo ya upasuaji wa kope, au daktari bingwa wa upasuaji rekebishi. Tanzania Bara, taaluma ya udaktari inasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya Sheria ya Udaktari, Udaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017. Mwananchi ana haki ya kuuliza jina kamili la daktari, namba yake ya usajili na ubingwa wake, kisha kuthibitisha Barazani. Kwa Zanzibar, ambako afya si suala la Muungano, uthibitisho huo hufanyika kupitia mamlaka za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Kituo nacho kiwe kimesajiliwa kutoa huduma za upasuaji. Usajili wa daktari hauhalalishi upasuaji kufanyika saluni, hotelini au sebuleni kwa mteja. Saluni inaweza kupamba nyusi na kope, lakini haina mamlaka ya kukata ngozi, kuchoma sindano za kujaza ngozi wala kutumia vifaa vya kuchoma kope kwa joto. Sindano ya kujaza ngozi ikiingia kwenye mshipa wa damu karibu na jicho inaweza kusababisha upofu papo hapo. Kwa upande wa Tanzania Bara, dawa na vifaa tiba vinavyotumika vinadhibitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na mwananchi anaweza kuomba kuonyeshwa jina la bidhaa na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Asiyejua pa kuanzia aanze kwenye kliniki ya macho ya hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, ambayo inaweza kumpa rufaa inapohitajika. Hospitali ya Taifa Muhimbili, KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza na CCBRT jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa hospitali zenye huduma za kibingwa za macho.

Gharama, bima na matibabu ya nje

Kwa kawaida bima za afya hazigharamii upasuaji wa urembo. Pale kope inapoziba uoni, mgonjwa aulize mfuko wake mapema na awasilishe matokeo ya vipimo. Anayelipa mwenyewe adai mchanganuo wa maandishi unaoonesha ada ya daktari, ganzi au nusukaputi, chumba cha upasuaji, dawa, miadi ya baadaye na nani atakayelipa iwapo marekebisho yatahitajika. Bei ya chini isiyotaja miadi ya baadaye inaweza kuwa ghali mwishoni.

Wanaosafiri nje ya nchi wazingatie kwamba hatari kubwa huwa katika saa na siku za mwanzo. Tiketi ya kurudi isikatwe ya siku ya pili. Mgonjwa abaki hadi nyuzi zitolewe na daktari aridhike, arudi na nakala ya taarifa ya upasuaji, na awe amepata daktari wa macho nyumbani atakayemfuatilia.

Kuhusu picha, taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha zinazopigwa kwa ajili ya jalada la tiba ni za kawaida na zina manufaa. Kuzitumia katika matangazo ni jambo jingine linalohitaji ridhaa yako, na kukataa hakupaswi kukunyima huduma.

Maswali ya kumuuliza daktari

- Je, tatizo langu ni ngozi, msuli, nyusi au ugonjwa? Umelithibitishaje?
- Je, machozi yangu na upana wa uoni wangu vimepimwa?
- Umewafanyia wagonjwa wangapi upasuaji huu, na ninaweza kuona matokeo ya watu wenye ngozi na umri kama wangu?
- Upasuaji utafanyika wapi, na nani atasimamia ganzi au usingizi?
- Nikipata maumivu makali saa 8 usiku, nitampigia nani na nitapokelewa wapi?
- Ipo njia nyingine isiyo ya kisu, au ninaweza kusubiri bila madhara?

Majibu yaeleweke kwa lugha anayoifahamu mgonjwa, na fomu ya ridhaa isomwe yote kabla ya siku ya upasuaji. Kusaini mtu akiwa tayari amelala juu ya kitanda cha upasuaji si ridhaa ya kutosha. Daktari anayekerwa na maswali haya, au anayeshinikiza malipo ya haraka kwa kisingizio cha punguzo linaloisha leo, amekwisha kutoa jibu. Upasuaji wa urembo hauna dharura, na mtu anaweza kuahirisha kwa wiki, mwezi au mwaka bila kupoteza kitu.

Wananchi wanahimizwa kutoa taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa wanapobaini mtu asiye na sifa anayefanya upasuaji au kuchoma sindano kwenye kope. Kwa anayefikiria huduma hii, hatua ya kwanza ni kufika kliniki ya macho akiwa na orodha ya dawa anazotumia, historia ya magonjwa yake na picha yake ya miaka michache iliyopita. Picha hiyo itamsaidia daktari kujua iwapo kope zimeshuka taratibu kutokana na umri, au zimebadilika kwa muda mfupi na zinahitaji kuchunguzwa zaidi.